Kujenga kabati la santuri na kanda katika nyumba ya mawe ya Lamu

Kabati la kuhifadhia muziki, iwapo litakaa Lamu, halianzi na muziki. Linaanza na uzito na unyevu, mambo mawili ambayo mwenye santuri huyakumbuka akiwa amekwisha kuchelewa. Nasema hivi kwa sababu nimejenga makabati mawili kwa mkusanyiko mmoja. La kwanza lilidumu masika mbili tu, na la pili ndilo lililosimama sasa katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Mkomani, na vipimo nitakavyovitaja hapa ni vyake.

Mkusanyiko wenyewe niliurithi kwa ami yangu: santuri kubwa 860, santuri ndogo za inchi 7 zipatazo 250, 120 za zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na kanda 1,100 hivi, nyingi zikiwa za taarab na nyingine zilizorekodiwa harusini. Kabati la kwanza nililinunua likiwa tayari, la mbao zile za unga uliogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi nyeupe ya plastiki. Rafu zake zilikuwa na urefu wa sentimita 90 bila mhimili katikati, na mgongo wake ulikuwa wa ubao mwembamba uliobana ukuta. Baada ya masika ya kwanza, rafu zilikuwa zimepinda kama machela. Baada ya ya pili, kingo zilivimba zikapasuka, na nilipolivuta kutoka ukutani niliona kuvu ya kijani imetanda mgongoni kote na kuingia katika majalada. Majalada 40 na ushei hayakuponyeka.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, hesabu ulichonacho na ukipime. Santuri ya inchi 12 ina kipenyo cha sentimita 30, lakini kinachokaa kabatini ni jalada lake, ambalo lina takriban sentimita 31.5 kila upande. Santuri ya inchi 7 huwa na jalada la sentimita 18, na zile za 78 ambazo wengi wetu tunazo, za inchi 10, zina kipenyo cha sentimita 25 na bahasha zao zinafika 26. Kasha la kanda lina urefu wa sentimita 10.9, upana wa 7 na unene wa 1.7. Vipimo hivi unaweza kuvitegemea: santuri kubwa ya mwendo wa polepole ilitoka Marekani mwaka 1948, ile ya inchi 7 ikaifuata mwaka 1949, kanda ya kasha ikatolewa na Philips mwaka 1963, na tangu hapo umbo lake halijabadilika. Hata hivyo, chukua rula upime majalada yako manene kuliko yote, hasa yale yenye santuri mbili au tatu ndani, kwa maana hayo ndiyo yatakayokwama.

Kwa unene, mimi hukadiria milimita 4 kwa kila santuri kubwa, jambo linalonipa santuri 250 katika mita moja. Zinaweza kubanwa zikafika 300, lakini santuri zilizobanwa hivyo hazichomoki bila kuchana jalada. Ukizidisha, 860 zinahitaji karibu mita tatu na nusu. Hapo nilidhani kazi imekwisha, hadi nilipozidisha kanda: 1,100 kwa sentimita 1.7 ni mita 18.7. Kanda, ambazo machoni zinaonekana vitu vidogo vya kusukumwa pembeni, zilitaka nafasi mara tano ya santuri kubwa. Watu wengi huchora kabati la santuri kwanza na kutafuta pa kupachika kanda baadaye, ndipo unapokuta maboksi ya kanda chini ya kitanda.

Uzito nao ni hesabu nyepesi. Santuri kubwa pamoja na jalada lake ina gramu 250 hivi, kwa hiyo mita moja ya rafu inabeba kilo 60 na zaidi, ambao ni mfuko wa saruji na ziada yake. Nilipomweleza fundi wangu kuwa nataka kabati la miziki, mzee huyo, ambaye ujana wake aliupitisha akijenga majahazi Matondoni, aliniuliza, "Mwanangu, hicho kitabeba nguo au kitabeba mawe?" Nikampa santuri 20 azishike kwa mkono mmoja. Akaziweka chini taratibu, akaichukua karatasi yangu ya mchoro, na akaongeza mbao za kusimama kila mahali.

Nyumba kabla ya kabati

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, zinazolala kutoka ukuta mrefu mmoja hadi wa pili. Hili ni jambo la kufurahia, kwani linakuonyesha pa kuliweka kabati zito katika sakafu ya juu. Likae sambamba na ukuta mrefu, ili uzito wake ugawanyike juu ya vichwa vya boriti nyingi, pale pale zinapoingia ukutani. Usiliweke katikati ya chumba kama ukingo wa kutenganisha, wala usilisimamishe kwenye ukuta mfupi, ambako linaweza kuangukia boriti mbili tatu tu kwa urefu wake wote. Mkusanyiko wangu una kilo zipatazo 340 bila kuhesabu mbao. Kama boriti zako ni za zamani na zina dalili ya kuliwa, mwite fundi wa nyumba azigonge moja moja kabla hujamwita seremala.

Ukuta nao una tabia zake. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, kisha huutoa hewani pole pole. Ukiuziba kwa mgongo wa kabati, unyevu hauna pa kutokea isipokuwa ndani ya kabati lako. Acha sentimita 8 hadi 10 kati ya kabati na ukuta, nafasi ya kupitisha mkono na kufagilia, na uliinue kabati kwa miguu ya sentimita 14. Miguu hiyo ina faida nyingine. Mchwa hupanda kwa njia za udongo, na kabati lisiloshikana na ukuta wala sakafu humlazimisha ajenge njia yake mahali unapoiona. Wapo wanaozamisha miguu ya kabati katika vikopo vya maji kama ilivyofanywa kwa makabati ya chakula dhidi ya sisimizi. Kwa muziki sioni busara ya kuweka maji chini ya kitu unachokikinga na unyevu.

Liepushe pia na jua la dirishani, ambalo hupinda santuri za plastiki kwa mchana mmoja, na vile vile na dirisha linalopokea moja kwa moja upepo wa Kusi wenye chumvi.

Halafu pima mlango, daka (kile kibaraza cha mlangoni) na ngazi. Hapa mtu hujisahau kwa sababu anafikiria chumba tu. Mbao zangu zilivuka kwa mashua kutoka Mokowe, zikapakiwa juu ya punda gatini, na zikapita vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani humo. Ubao mzima wa plaiwudi, wa sentimita 244 kwa 122, haukati kona ya ngazi yetu hata ukiusimamisha wima. Kwa hiyo niliamua kwamba kabati lisiwe kitu kimoja, bali masanduku sita yanayopangwa matatu chini na matatu juu, kila moja likiwa mzigo wa watu wawili. Siku tukihama, Mungu akipenda, litahama nasi.

Masanduku sita

Kila sanduku lina upana wa sentimita 82 na kina cha 40, kwa mbao zenye unene wa sentimita 2. Matatu ya chini ni ya santuri kubwa, kwa kuwa uzito lazima ukae chini, na kila moja limegawanywa kuwa mashubaka manne, mawili juu ya mawili. Shubaka lina upana wa ndani wa sentimita 38 na kimo cha 34, yaani sentimita mbili na nusu juu ya jalada kwa ajili ya kidole na hewa. Kimo cha sanduku kinakuwa sentimita 74.

Upana huo wa 38 ndio moyo wa mchoro wote, na sikuuchagua kwa kupenda umbo la mraba. Rafu inapobeba mzigo uliosambaa sawasawa, kupinda kwake hukua kwa kasi kubwa kuliko urefu wake: ukiugawa urefu mara mbili, kupinda kunapungua mara 16. Rafu ya sentimita 76 iliyobonyea milimita 8 katikati, ikikatwa kwa mbao ya kusimama ikawa mbili za 38, itabonyea nusu ya milimita, usiyoweza kuiona. Kuongeza unene wa ubao maradufu hupunguza kupinda mara 8 tu, na bei ya ubao mnene unaijua. Mbao ya kusimama ni rahisi kuliko rafu nene, na juu ya hayo inazizuia santuri zisilale, maana santuri inayoegemea upande kwa miezi, katika joto letu, hupinda na haisahau.

Mashubaka 12 kwa santuri 860 ni santuri 72 kila moja, wastani wa sentimita 29, na zinazobaki 9 ni za zile utakazoendelea kununua huku ukijiapiza kwamba umeacha. Nafasi hiyo usiiache wazi. Mwambie fundi akukatie vigogo vya mbao laini vya sentimita 30 kwa 30, vya unene mbalimbali, uvitumie kushikiza santuri zisimame wima, na uviondoe kimoja kimoja kadiri shubaka linavyojaa.

Masanduku mawili ya juu ni ya kanda, na ndani yake zimo droo tano tano. Kanda zinalala humo mgongo wa kasha ukitazama juu, kwa hiyo ukivuta droo unasoma majina yote kwa mara moja. Upana wa ndani wa droo ni sentimita 74, uliogawanywa kwa mbao tano za sentimita 1 kuwa safu sita za 11.5, na urefu wa ndani kutoka mbele hadi nyuma ni 34. Safu moja inachukua kanda 19 bila kubana, droo moja 114, na droo kumi 1,140. Kila droo ikijaa ina kilo 9 hivi. Hazina reli za chuma. Nilizitaka, na fundi akakataa, akinionyesha reli moja kutoka kabati la mteja wake iliyokuwa imegeuka kutu tupu. Droo zinateleza juu ya papi za mbao zilizopakwa mshumaa, na nafasi ya milimita 3 imeachwa kila upande kwa sababu mbao huvimba masika. Zikikazwa vizuri mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi na ukavu, hazitafunguka mwezi wa Mei.

Sanduku la sita ni la vitu vinavyobaki. Chini yake pana nafasi ya kimo cha sentimita 28 kwa santuri za 78, iliyokatwa kwa vibao wima kila sentimita 15, na juu yake nafasi ya 24 kwa zile za inchi 7. Hizi za 78 zinastahili uangalifu wa peke yake. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe, ni nzito, na zikianguka huvunjika kama sahani ya kaure. Za taarab zilizorekodiwa tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 zimebaki chache, na iliyovunjika haina badali. Zisirundikwe moja juu ya nyingine hata kwa siku moja. CD nilizonazo nimezipanga katika zidaka za ukutani, na hazijanisumbua.

Jumla ya kimo, miguu ikiwemo, ni sentimita 146, na urefu wa ukutani ni 246. Kimo hicho kinakuwezesha kuitazama droo ya juu kabisa kwa juu, bila kupanda kitu. Ukiwa na santuri nyingi kuliko kanda, utashawishika kuongeza safu ya tatu ya mashubaka. Fanya hivyo ikiwa tu umefunga sanduku la juu ukutani kwa vyuma visivyoshika kutu, kwa maana nyumbani pana watoto, na watoto hupanda.

Mbao, mgongo na misumari

Mvule ndio nilioutumia, kwa sababu mchwa hauupendi na unastahimili unyevu. Ni ghali. Msaji unafaa vivyo hivyo ukiupata. Mwembe ni rahisi na unapatikana hapa hapa, lakini bungua huutoboa, nami sikuuamini kwa mashubaka, ingawa nilikubali utumike kwa vigogo vya kushikizia. Kama fedha haitoshi, plaiwudi ya kutengenezea vyombo vya baharini, ya milimita 18, ni bora kuliko mbao yoyote mbichi. Zile za unga uliogandishwa ziache dukani. Mbao zikifika, zilaze katika chumba kile kile zitakamokaa, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, kwa wiki tatu au nne kabla hazijakatwa. Fundi mwenye haraka atakuambia zimekauka tayari, na huenda zimekauka kwa hewa ya bara, lakini hazijaizoea ya hapa.

Rafu ziingie katika mifereji iliyochongwa ndani ya mbao za kusimama, kina cha milimita 6 au 7, zisitegemee skrubu peke yake. Gundi iwe ile isiyoyeyuka kwa maji, na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida itatoa machozi ya kutu katika mwaka wa kwanza.

Mgongo usizibwe. Badala yake, kila safu ya mashubaka ina papi mbili zenye upana wa sentimita 10, zilizopigwa skrubu mbili katika kila mbao ya kusimama inayopita. Skrubu mbili, si moja, kwa sababu moja huacha papi izunguke na kabati liyumbe. Ndani, sentimita 34 kutoka mbele, weka kizuizi chembamba kinachoyasimamisha majalada yasirudi nyuma, na hewa ipite katika zile sentimita 6 zilizobaki. Kwa mbele sikuweka milango, achilia mbali ya kioo, ambayo hufungia unyevu ndani kama chupa. Vumbi linazuiwa na pazia la kitambaa cha marekani lililoning'inizwa juu ya mashubaka, nalo hufuliwa kila mwezi.

Vanishi ipakwe pande zote za kila ubao, pamoja na zile zisizoonekana, kwa sababu ubao uliozibwa upande mmoja hunywa maji kwa upande wa pili na kujikunja. Ipake mara mbili, kila mkono wa vanishi ukiwa mwembamba, ukipiga msasa kati yake.

Kuingiza muziki

Usihamishe santuri kabla ya kuzisafisha, la sivyo utakuwa umelijengea kuvu nyumba mpya. Bahasha za ndani zenye madoa zibadilishwe kwa za karatasi safi, na majalada yenye harufu ya uvundo yaanikwe kivulini penye upepo, si juani. Kipima unyevu kidogo kikae ndani ya shubaka la katikati. Kuvu hustawi unyevu ukipita asilimia 65 au 70 na kubaki hapo, na kuanzia Aprili hadi Juni utaiona namba hiyo mara nyingi. Siku hizo mimi hufungua pazia, naelekeza feni ya chini kabatini kwa saa kadhaa, na kuweka vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, katika droo za kanda tu, ambazo hazina upepo. Vifuko hivyo vinapochoka, vikaushe katika joko lenye moto mdogo, uvirudishe. Spika zisikae juu ya droo hizo, kwa kuwa sumaku zake zinaweza kufuta kilichomo kwenye kanda.

Anza kupanga kwa mashubaka ya chini, ukienda kutoka kati kuelekea pembeni ili uzito usiegemee upande mmoja, na andika kila shubaka kwa herufi na namba katika daftari. Mimi nimeyapanga kwa waimbaji, na Zein l'Abdin, kwa kuwa ni wa hapa Lamu na kanda zake ni nyingi, ana droo yake. Lakini kabla ya hayo yote, liache kabati tupu kwa wiki nne tangu mkono wa mwisho wa vanishi. Vuta droo moja, ingiza uso ndani, na unuse. Ukisikia harufu ya vanishi, ifunge, ungoje wiki nyingine.